Cheti kilikuwepo ila geti halikufunga: kisa cha bwawa na spa ya nyumba moja Sydney

Hiki kisa kilitokea kwa watu wangu wa karibu kabisa, siku ya ukaguzi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na wenyewe wamenikubalia nikiandike ili mradi nisitaje majina. Kwa hiyo mwanaume nitamwita kaka maana ndivyo ninavyomwita siku zote, na mkewe ni shemeji. Wanaishi Sydney, jimbo la New South Wales, Australia, nyumba yao ina bwawa la kuogelea nyuma na spa moja, yaani lile beseni kubwa la maji moto la kukaa ndani, zile za kuja kuwekwa tu, iko chini ya baraza, na walitaka kuipangisha nyumba kwa sababu kaka alipata kazi Perth, upande wa pili wa nchi. Dalali keshapata wapangaji, baba mama na watoto wawili wadogo, wanaingia baada ya wiki tatu, mkataba umeandaliwa, yaani imebaki saini. Halafu dalali akauliza kitu kimoja kwenye simu, cheti cha bwawa kiko wapi, yaani ile karatasi inayothibitisha kwamba uzio wa bwawa umetimiza masharti ya usalama.

Kaka akamjibu kipo. Na kweli kilikuwepo, shemeji alikitoa kwenye faili la karatasi za nyumba, safi kabisa hakijakunjwa hata kona. Walinunua nyumba 2019 na cheti kilikuja pamoja na mkataba wa mauziano, kwa sababu tangu tarehe 29 Aprili 2016 huko New South Wales huwezi kuuza wala kupangisha nyumba yenye bwawa bila karatasi ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba kile cheti kinaishi miaka 3. Kilishakufa 2022. Miaka miwili nzima watu wanaogelea, wanaalika wageni, wanajua wako sawa kwa sababu kuna karatasi kwenye faili.

Hapo kuna jambo wengi wanalichanganya. Ukiuza nyumba, sheria inakupa njia ya pembeni: unaweza kuambatanisha cheti kinachosema bwawa HALIJATIMIZA masharti, basi mzigo unahamia kwa mnunuzi, naye ana siku 90 baada ya kukabidhiwa nyumba kurekebisha. Ukipangisha hiyo njia haipo. Mpangaji anatakiwa apewe nakala ya cheti halali anapoingia kwenye mkataba, basi. Kaka alidhani atawaambia wapangaji "tutarekebisha taratibu mkiwa ndani" na dalali akakataa palepale, na alikuwa sahihi kukataa.

Akaitwa mkaguzi binafsi mwenye leseni, maana unaweza kumwita wa kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, au wa binafsi, na kwa kuwa muda ulikuwa umebana walichukua aliyepatikana mapema. Mimi nilikwenda kusaidia kupanga maboksi ya kuhama, nikamchukua na binti yangu wa miaka minne kwa sababu siku hiyo hakukuwa na wa kumwachia. Ndio maana nimeona haya yote kwa macho yangu.

Kabla ya kuingia kwenye fensi yenyewe niseme huyu mkaguzi alianza wapi, kwa sababu mimi nilidhani ataanza na futi ya kupimia. Alianza na tarehe. Aliuliza bwawa lilijengwa lini, kaka akasema 2015, akatikisa kichwa kwamba sawa. Baadaye nikaelewa kwa nini: kila zama zina masharti yake. Bwawa lililojengwa kabla ya tarehe 1 Agosti 1990 linaweza kuruhusiwa mlango wa nyumba ufungukie moja kwa moja kwenye bwawa ili mradi mlango wenyewe mtoto hawezi kuufungua. La kuanzia tarehe 1 Mei 2013 linapimwa kwa kiwango cha Australia kinachoitwa AS 1926.1 toleo la 2012, na hapo hakuna cha mlango wa sebuleni, bwawa linazungushiwa pande zote. Kwa hiyo jirani yako akikwambia "mimi langu lilipita hivihivi" usimsikilize mpaka ujue lake ni la mwaka gani.

Swali la pili lilikuwa la spa. Iko kwenye rejista? Kimya. Mabwawa yote ya nyumbani New South Wales yanatakiwa kuwa kwenye rejista ya jimbo, mwisho wa kujiandikisha ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2013, na neno bwawa kwenye sheria yao ni pana kuliko watu wanavyodhani: ni chombo chochote kinachoWEZA kujazwa maji zaidi ya milimita 300 na kazi yake kubwa ni kuogelea au kuchezea maji. Sentimita thelathini tu, urefu wa rula ya shule. Spa ya uani imo, bwawa la plastiki la kujaza upepo limo likizidi hapo, hata kama leo umelimwaga maji. Ambalo halimo ni lile beseni la kuogea bafuni lenye mapovu. Spa ya kaka waliinunua 2020, kwa hiyo kile cheti cha 2019 hakikuwahi kuijua, hakuna mtu aliyewahi kuikagua, ilikuwa pale tu kama meza.

Haya, tukaenda nyuma.

Bwawa la kaka limezungukwa na vitu vitatu tofauti na hili ni muhimu maana kila upande una kanuni yake. Pande mbili ni fensi nyeusi ya alumini, upande mmoja ni fensi ya mbao ya mpaka na jirani, upande wa nne ni ukuta wa nyumba wenye dirisha la chumba cha kufulia. Dirisha lilipita haraka, lina wavu wa chuma uliofungwa kwa skrubu na haufunguki. Fensi ya alumini mkaguzi aliipima urefu kutoka ardhini upande wa nje, ikatoka mita 1.2 na kidogo, na hiyo ndiyo inayotakiwa, nafasi kati ya nondo na nondo haifiki sentimita 10, vyuma vya kulala viko mbali mbali zaidi ya sentimita 90 ili mtoto asivifanye ngazi. Kaka akaanza kutabasamu.

Halafu mkaguzi akatoa kamba. Kamba ya kawaida tu, ina urefu wa sentimita 90. Akashika ncha moja juu kabisa ya fensi kwa upande wa nje, ncha ya pili akaivuta mbele yake mpaka kamba ikalala usawa, halafu akaishusha taratibu kama mshale wa saa unavyoshuka mpaka ikalala kwenye fensi. Akahama hatua moja, akarudia. Akahama tena. Kila kitu ambacho kamba inakigusa ikishuka, na mtoto anaweza kukikanyaga au kukishika, ni kosa. Hilo eneo linaitwa eneo lisilopandika na mimi baada ya kuiona ile kamba ikizunguka ndio nikaelewa kwamba fensi ya bwawa siyo chuma peke yake. Fensi ni chuma pamoja na uwazi ulio mbele yake. Ukiujaza ule uwazi umeibomoa fensi hata kama hujagusa skrubu moja.

Kamba ilipofika kwenye vyungu vya shemeji ikasimama.

Shemeji anapenda maua jamani, na alikuwa na vyungu vitatu vikubwa vya udongo, vizito, vimepangwa vizuri mbele ya fensi kwa sababu pale ndipo jua la asubuhi linapiga. Vilikuwa na kimo cha sentimita 50 hivi na vipo kama sentimita 30 kutoka kwenye fensi. Akapinga kwa heshima tu, akasema kile chungu hata yeye mwenyewe hawezi kukisogeza, mtoto atakitumiaje. Na wakati wanaongea, wote tunaangalia futi, nikasikia binti yangu ananiita "baba nione". Alikuwa amesimama juu ya ukingo wa chungu cha katikati, mikono yote miwili ameishika fensi juu, kifua kimegusa chuma cha juu, mguu mmoja ameshaunyanyua anatafuta pa kukanyaga.

Hakuna aliyemfundisha. Hakukisogeza chungu, alikipanda tu. Fensi ya mita 1.2 ukitoa sentimita 50 za chungu inabaki sentimita 70, na mtoto wa miaka minne ana kama mita moja. Hesabu ya darasa la pili lakini sisi watu wazima wanne tulikuwa tumesimama pale na hatukuipiga mpaka mtoto alipotupigia. Nilimshusha, mikono inanitetemeka, na bwawa lilikuwa upande wa pili hatua mbili tu. Mkaguzi hakusema kitu, aliandika.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndio kiini cha kisa chote, na kwa sababu sio vyungu tu. Ni pipa la taka lenye magurudumu, ni jiko la kuchomea nyama, ni kiti cha plastiki, ni boksi la mbwa, ni baiskeli iliyoegeshwa, ni tawi la mti lililokua tangu ukaguzi uliopita. Hakuna hata kimoja ambacho kilikuwepo siku cheti kilipotolewa.

Fensi ya mpaka ndio iliyomkasirisha kaka zaidi. Kwenye fensi ya mpaka masharti yanageuka: urefu unatakiwa uwe mita 1.8, na lile eneo la sentimita 90 linapimwa ndani, upande wako wenye bwawa, kuanzia juu kushuka. Kaka akauliza, sasa kwa nini ndani wakati mtoto anatokea kwa jirani? Na lilikuwa swali zuri. Jibu ni kwamba huwezi kumpangia jirani aweke nini uani kwake, kesho anaweza kuegesha trela kwenye ile fensi na huna la kumfanya, kwa hiyo sheria inakubana pale unapoweza kubanwa. Mtoto wa jirani akifika juu asikute pa kuweka mguu ateremke nao kwako. Sasa pale ndani, limeegemea kabisa fensi, kulikuwa na boksi la pampu na kichujio, lina kimo cha mita 1.1. Toa kwenye 1.8, inabaki sentimita 70. Inatakiwa 90. Na lile boksi lina mfuniko bapa kabisa, ngazi iliyotengenezwa kiwandani.

Kaka akasema lilikuwepo 2019 na likapita. Mkaguzi akamwambia labda. Shemeji ndiye aliyekumbuka kwamba pampu ya zamani iliungua 2021, fundi akaweka mpya na boksi jipya kubwa zaidi. Hakuna aliyewaza kwamba kubadilisha pampu kunaweza kuwa suala la uzio.

Kwenye kona ya chini, mvua zilizokuwa zinamwagika kutoka kwenye bomba la paa zilikuwa zimechimba udongo chini ya fensi ya alumini. Mkaguzi ana mpira mgumu wa sentimita 10, akausukuma kwa mguu tu, ukapita upande wa pili ukaishia kwenye vigae vya bwawa. Akapima, sentimita 13. Nafasi ya chini haitakiwi kuzidi sentimita 10 kwa sababu hiyo ndio saizi ambayo kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kuanza kupenya, na mtoto anayetambaa hapandi fensi, anapita chini. Kaka akatafuta tofali akalichomeka pale, mkaguzi akalitoa kwa mkono mmoja akamrudishia. Kinachotoka kwa mkono hakihesabiki.

Sasa geti.

Hili ningependa kila mwenye bwawa alifanye leo jioni, halihitaji mkaguzi. Geti linatakiwa lifungukie nje, mbali na bwawa, lijifunge lenyewe na lijibane lenyewe kutoka mahali popote unapoliachia. Popote maana yake popote. Kaka alilifungua mpaka mwisho akaliachia, likaja kwa kasi likapiga TAK likabana. Akamwangalia mkaguzi kama vile kasema unaona. Mkaguzi akalifungua kidogo tu, upana wa kiganja, akaliachia. Likaja polepole, likafika kwenye kibanio, likaegemea. Likatulia. Ukiliangalia kutoka jikoni limefungwa kabisa, hakuna tofauti hata kidogo. Mkaguzi akalisukuma kwa kidole cha shahada likafunguka bila sauti.

Nguzo ilikuwa imelala kidogo na springi za bawaba zimechoka, jua na maji ya klorini, basi. Na fikiria geti linavyotumika kila siku, nani analifungua mpaka mwisho? Unapita na taulo, unalisukuma kidogo, linarudi nyuma yako huangalii. Kwa hiyo hilo geti lilikuwa linashindwa katika ile namna linayotumika kila siku na linafaulu katika ile namna ambayo watu wanalijaribia. Sijui ni mara ngapi lilikuwa limeegemea tu wakati sisi tuko barazani tunakula na watoto wanakimbia uani, na nimejaribu kuacha kuliwaza hilo nimeshindwa.

Kibanio chenyewe kilikuwa sawa, kitufe cha kufungulia kiko mita 1.5 kutoka chini, mtoto hakifikii.

Bango. Hili lina uchungu wake. Kila bwawa linatakiwa kuwa na bango la hatua za CPR, yaani kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu aliyezimia, lionekane, mtu aweze kulisoma akiwa mita 3. La kwao lilikuwepo, limefungwa kwenye fensi, limepauka na jua mpaka picha za kumbonyeza mtu kifuani zimebaki kama kivuli. Mkaguzi akarudi nyuma mita tatu akatuambia tusome, hatukuweza. Tukasogea karibu. Na kwenye hilo bango, kwa amri ya sheria, kuna maonyo matatu lazima yaandikwe: watoto wadogo wasimamiwe wanapotumia bwawa, mageti yafungwe muda wote, na vitu vyote viwekwe angalau milimita 900 mbali na fensi muda wote. Yaani kosa la geti na kosa la vyungu yalikuwa yameandikwa pale pale, hatua mbili kutoka kwenye chungu chenyewe, miaka yote, ila hakuna aliyekuwa anaweza kulisoma tena.

Spa nimeiacha mwisho kwa sababu hapa mimi na sheria ya New South Wales hatuelewani sana. Pale spa hailazimiki kuzungushiwa fensi kama ina mfuniko uliofungwa kwa kitu ambacho mtoto hawezi kukifungua, muda wote ambao haitumiki. Spa ya kaka ina mfuniko wa povu uliovalishwa ngozi bandia, una mikanda minne yenye klipu za funguo. Klipu mbili zimevunjika, moja inabana, ya nne inabana ila ufunguo ulipotea zamani kwa hiyo huwa wanaiacha wazi. Mkaguzi akanyanyua kona ya mfuniko kwa mikono miwili, kona ikanyanyuka, maji yale, na ngazi ya spa iko palepale kwa ajili ya kupandia. Imefeli.

Mfuniko sio mbaya. Ila fensi inafanya kazi umelala, mfuniko unafanya kazi pale tu mtu aliyetoka kwenye maji moto, amechoka, usiku, baridi inampiga, anainama kubana klipu nne kwa funguo. Mara mia moja atabana. Ya mia na moja simu italia. Queensland na Victoria hawaukubali mfuniko kama mbadala wa uzio, spa inazungushiwa kama bwawa, na mimi naona wao wameelewa zaidi binadamu alivyo. Hilo nalo linaonyesha jinsi haya mambo yanavyotofautiana ndani ya nchi moja, cheti cha Victoria kinakwenda miaka 4, cha Queensland kwa bwawa la familia moja ni miaka 2, cha New South Wales 3, kwa hiyo mtu akihama jimbo asihame na mazoea.

Kuna kitu kingine cha spa ambacho ukaguzi haukukigusa kabisa na nililiuliza. Cheti kinahusu mtoto KUFIKA kwenye maji. Hakihusu kilichomo ndani ya maji. Na ndani ya spa kuna mdomo wa kunyonya maji kwenda kwenye pampu, unafunikwa na kifuniko chenye matundu, kikivunjika au kikilegea ule mdomo ni hatari ya ajabu. Mwaka 2002 huko Virginia, Marekani, mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, alinaswa na mdomo wa kunyonya wa spa, mama yake akajaribu kumvuta akashindwa, watu wazima wawili ndio walimtoa na kifuniko kikavunjika, lakini walikuwa wameshachelewa, alifariki. Alikuwa anajua kuogelea. Sheria ya Marekani yenye jina lake ilisainiwa Desemba 2007, inataka vifuniko vinavyouzwa viwe vya aina ambayo haimnasi mtu. Watu hushangaa mama anashindwaje kumvuta mtoto wake. Piga hesabu: mdomo wenye upana wa sentimita 20 ukizibwa na mwili, na pampu ikavuta hata nusu tu ya mgandamizo wa hewa, unavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 150. Shemeji aliposikia hivyo alizima umeme wa spa, akavua viatu akaingia na suruali yake, akapapasa vifuniko vyote. Kimoja kilikuwa kinacheza, skrubu moja haipo. Hiyo haikuandikwa kwenye ripoti yoyote.

Ripoti ilikuja siku hiyohiyo jioni, makosa sita: spa haijasajiliwa, vyungu, boksi la pampu, nafasi chini ya fensi, geti, bango, na mfuniko wa spa, nimehesabu upya ni saba. Wangekaa nayo wiki 6 bila kurekebisha, mkaguzi anatakiwa kupeleka taarifa kaunsili, na kama angeona hatari ni kubwa sana angeipeleka hapohapo.

Usiku ule kaka alikuwa na hasira, akasema haya masharti ni ya watu wenye watoto wadogo, wetu wa kwanza ana miaka 16 anaogelea kuliko samaki, hii ni kusumbuana tu na kutafutiana hela. Na namuelewa, kuhamisha boksi la pampu maana yake kukata mabomba na kuunga upya, hiyo peke yake ilikula muda na pesa kuliko mengine yote. Lakini nilimwambia kaka, aliyepanda chungu siyo wa kwako, ni wa kwangu. Mtoto anayezama kwenye bwawa la nyumbani mara nyingi siye aliyetarajiwa kuwa karibu na maji muda ule. Ni mgeni, ni mjukuu, ni wa jirani aliyefuata mpira. Australia watoto wa chini ya miaka mitano wanazama zaidi kwenye mabwawa ya nyumbani kuliko mahali pengine, na walio hatarini kuliko wote ni wa karibu mwaka mmoja, yule ambaye jana alikuwa hatembei. Na hawapigi kelele. Watu wanasubiri kusikia kelele na maji kurushwa, mtoto mdogo anakwenda chini kimya, dakika chache, wewe umeingia ndani kuchukua chumvi. Fensi imewekwa kwa ajili ya hizo dakika ulizokwenda kuchukua chumvi. Kaka hakunijibu, ila asubuhi nilimkuta na bisibisi kwenye bawaba za geti.

Marekebisho yalichukua siku kumi na moja. Vyungu vilihamia upande wa pili wa baraza, watu watatu kila kimoja. Udongo uliochimbika ukamwagiwa zege nyembamba na bomba la paa likageuziwa kwenye mfereji. Nguzo ya geti ikanyooshwa, springi zikakazwa, kibanio kikarekebishwa kidogo. Bango jipya likafungwa kwenye kivuli cha ukuta badala ya kwenye jua. Spa ikasajiliwa kwenye mtandao kwa dakika chache tu, na kuhusu mfuniko, shemeji akakataa klipu mpya. Akasema wapangaji wana watoto, siwajui wanavyofunga vitu. Waliinyanyua spa na kreni ndogo wakaiingiza ndani ya uzio wa bwawa, na klipu mpya akaweka vilevile. Sheria haikumtaka afanye hivyo, cheti angepata kwa klipu peke yake.

Mkaguzi aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye geti. Upana wa kiganja, akaliachia. Tak. Akafungua sentimita mbili tatu hivi. Tak. Akaliegemeza taratibu kwenye kibanio chenyewe bila kulisukuma, likasita, sote tumeshika pumzi, likabana. Akazungusha kamba yake fensi nzima na haikugusa kitu. Cheti kikaingia kwenye rejista siku mbili kabla wapangaji hawajasaini.

Siku ya kukabidhi funguo nilikuwepo tena. Shemeji alikuwa amebandika tepu ya njano chini kwenye vigae, mstari mmoja unaofuata fensi yote kwa umbali wa mita moja, na yule mama mpangaji, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, akauliza ile tepu ni ya nini, walikuwa wanapaka rangi? Shemeji hakuanza kwa kumwelezea sheria. Alichukua kiti cha plastiki kilichokuwa karibu akakiweka ndani ya mstari, kikagusana na fensi, akamwangalia mtoto, akamwangalia mama. Mama akakichukua kile kiti mwenyewe akakirudisha nyuma ya tepu.

"Nimeona," akasema. "Na geti je?"

Wakaenda kulijaribu.